Ngitili Isiyo na Hati

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Niliitwa Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua inanyesha, na majirani wanasema mvua hiyo ilikuwa na radi. Lakini hasira ninayoieleza hapa siyo ya kugombania foleni bombani. Hii ilinianza Septemba, ikakomaa Oktoba, na mpaka leo nikimwona mtu ameshika kifimbo, kichwa kinaniuma.

Kifimbo ni cha Salvatory, mwenyekiti wetu wa kijiji, kipindi chake cha tatu hiki. Jina la kijiji silitaji kwa sababu shauri bado liko barazani. Jua tu kwamba kutoka Bariadi mjini unafika kwa bodaboda kabla chai yako ya asubuhi haijashuka tumboni. Salvatory nimesoma naye mpaka darasa la saba. Alikuwa anachungulia hesabu zangu, na zangu zenyewe zilikuwa za kukosea. Siku hizi kila mkutano anavaa Kaunda suti, hata jua likiwa la kupasua mawe, na mkononi ana kifimbo cheusi kama kile cha Mwalimu. Mkutano anaufungua kwa kukiinua juu: "Zidumu fikra za Mwalimu!" Nasi tunaitika, "Zidumu," wazee kwa vijana, hata wale waliozaliwa Mwalimu ameshazikwa.

Akimaliza kusema jambo, tunapiga makofi. Kwetu jambo likishapigiwa makofi, limepita. Mikono haihesabiwi, wala hakuna anayeuliza nani anapinga. Ndivyo wazazi wetu walivyozoezwa enzi za ujamaa, wakatuzoeza na sisi, na hakuna aliyekuja kutuzoeza vingine.

Sasa nieleze ngitili, maana asiyefuga anaweza kudhani ni pori tu. Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza kunyesha, hakuna ng'ombe kuingia, hakuna mbuzi, hakuna kukata mti. Majani yanaachwa yasimame. Baada ya mavuno ng'ombe wanakula mabua mashambani, na mabua yakishaisha, Oktoba hiyo, ardhi yote imebaki mavumbi, ndipo ngitili inafunguliwa kwa siku iliyopangwa. Anayeingiza mifugo kabla ya siku anapigwa mchenya, yaani faini ya mila. Anatoa dume la ng'ombe, watu wanakula, yeye anatazama. Ngitili ya kijiji chetu ndiyo inayowavusha ng'ombe wetu mpaka mvua. Mimi nina ng'ombe tisa. Ndio waliosomesha wanangu, na ndio wanaonilisha sasa nikiwa mjane. Bila ngitili, ng'ombe tisa hao Novemba hawaioni.

Aliyeianzisha ni baba yangu, mzee Ndalahwa. Mwaka sabini na nne, kwenye Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka maeneo yao ya asili wakaletwa kukaa pamoja hapa tulipo. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alimwamini Mwalimu kama wengine wanavyoamini misa. Alipoona ng'ombe wanakufa huku tulikohamia, akawashawishi wenzake wafunge upande wote wa magharibi. Akapanda minyaa kuuzunguka kwa mikono yake. Miaka kumi na tano iliyopita walipokuja watu wa kupima ardhi na kutoa hati za kimila, kijiji kizima kilimwambia: mzee, iandikishe wewe, umeitunza wewe. Akakataa. "Kitu cha watu hakiandikwi jina la mtu," alisema. "Mwalimu ametufundisha hivyo."

Upande wa chini, unaopakana na mto, penye majani mazuri kuliko kote, ukaandikwa jina la Salvatory. Wakati huo alikuwa mjumbe wa kamati ya ardhi. Alimwambia baba kwamba anaushika kwa niaba ya kijiji tu. Baba akampa mkono na kumshukuru. Miaka minne baadaye baba akafariki, na "kwa niaba" ikazikwa naye.

Basi Septemba tukaitwa kwenye mkutano mkuu uwanja wa shule. Unapofika unamkuta mtendaji wa kijiji, Goodness, binti mwenye adabu aliyehamishiwa hapa kutoka Maswa, anakupa karatasi ya mahudhurio usaini. Karatasi haina kichwa wala maelezo, ni mistari na namba. Nikasaini. Salvatory akainua kifimbo, tukaitika. Akasema kijiji kimepata mwekezaji wa mifugo, kutakuwa na josho, kutakuwa na ajira kwa vijana. "Eneo halitatusumbua," akasema, "kwa sababu Mwalimu ametuachia urithi mmoja mkubwa: ardhi ni mali ya umma." Makofi. Watu walisikia josho, hawakusikia kingine, maana josho la zamani limekufa siku nyingi na kupe wanatumaliza. Na mimi nilipiga makofi. Nayasema haya kwa uchungu, lakini nilipiga, tena kwa nguvu.

Wiki ya kwanza ya Oktoba nilikwenda kuangalia majani ya ngitili, maana siku ya kufungua ilikuwa imekaribia. Nikakuta vigingi vya zege vimepakwa rangi nyekundu, kimoja baada ya kingine, vimeizunguka ngitili yote ya juu. Minyaa ya baba imefyekwa pande mbili. Nilisimama pale nikiangalia utomvu mweupe unavyotoka kwenye minyaa. Sikurudi nyumbani. Nilinyoosha moja kwa moja ofisini.

Goodness aliniamkia vizuri. "Shikamoo mama Kabula." Nikamwitikia, nikamwambia nataka kuona kilichoandikwa kuhusu ngitili. Akatoa muhtasari wa mkutano wa Septemba. Nikausoma kwa sauti ili nijisikie mwenyewe: mkutano mkuu umeridhia kwa kauli moja eneo la malisho la magharibi litolewe kwa mwekezaji kwa ajili ya kituo cha kunenepesha ng'ombe. Nyuma yake imebanwa karatasi ya mahudhurio. Imeandikwa juu, kwa kalamu nyingine: Orodha ya Walioridhia. Jina langu ni la kumi na saba.

"Goodness mwanangu," nikamwambia, "hii ilikuwa karatasi ya mahudhurio. Mimi nilisaini kwamba nimefika. Sikusaini kwamba nimekubali."

Akainamisha macho. "Mama, kichwa cha karatasi sikuandika mimi. Mimi naandika kilichopita. Kikipigiwa makofi, naandika kimepita."

Salvatory alikuwa chumba cha pili, akatoka na kifimbo chake. Nikamwuliza ng'ombe wa kijiji watakula wapi mwezi huu. Akacheka, akaniambia ng'ombe wa kienyeji wamepitwa na wakati. Nikamwuliza kwa nini mwekezaji asipewe ule upande wake wa mtoni, wenye maji. Hapo cheko likakatika.

"Kabula, tatizo lako ni ubinafsi," akasema, na sauti akaipandisha ili waliokaa barazani wasikie. "Unatetea ng'ombe wako tisa, unasahau umma. Huo ndio ubepari alioukataa Mwalimu. Mzee Ndalahwa alikuwa mjamaa wa kweli. Angekuwa hai leo, angekuonea aibu."

Jamani. Nimetukanwa maishani mwangu. Nimetukanwa na mawifi, nimetukanwa na makarani wa pamba. Lakini kutajiwa baba yangu na mtu anayelisha ng'ombe wake kwenye majani aliyopewa na baba yangu, hilo lilinishinda. Ubinafsi mimi? Mimi niliyefungia ng'ombe wangu nje karibu mwaka mzima wakati wake wananenepa mtoni? Nilitoka bila kuaga, kwa sababu kama ningefungua mdomo, Goodness angelazimika kuandika na matusi.

Nyumbani nilimkuta mama yangu, Kwandu, anachambua choroko kwenye ungo. Ana miaka themanini na ushei, macho yamepungua, ila masikio yako pale pale. Nikamweleza yote, na lile neno la aibu. Hakuinua uso.

"Baba yako," akasema, "unajua alichofanya mwaka ule wa kuhama?"

Nikamjibu najua, alihama kama wengine.

"Watu waligoma kuhama. Mgambo wakasema kesho wanakuja kuchoma. Baba yako akasema hapana, mimi ndiye balozi, nikiwataka watu waache nyumba zao lazima nianze na yangu. Akachukua kijinga cha moto kutoka mekoni kwangu, akachoma nyumba yetu mchana kweupe, watu wakitazama. Mimi nilikuwa kisimani, na wewe mgongoni. Hakuniambia. Vihenge viwili vya mtama vilikuwa kando ya ile nyumba, vikaungua vyote. Mwaka ule tulikula mizizi." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Nilimsamehe mengi yule mzee. Hilo sikumsamehe. Lakini nitamsemea kwa jambo moja: alianza na ya kwake."

Nilikaa chini. Miaka yangu hamsini na zaidi, hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa na hasira na Salvatory, sasa nikawa na hasira na baba pia, na hapohapo nikajua nitakachokisema.

Tarehe kumi na nne Oktoba, Siku ya Mwalimu, mkutano ulijaa. Goodness alipitisha karatasi ya mahudhurio kama kawaida, na kama kawaida wa kwanza kusaini alikuwa mwenyekiti mwenyewe, maana anapenda kuwa namba moja. Mimi nilimshika mama mkono tukakaa mbele. Salvatory akainua kifimbo, zidumu, zidumu. Akazungumza karibu saa nzima. Alisema Mwalimu hakujilimbikizia mali. Alisema kiongozi wa kweli hutangulia kwenye shida. Mimi namwangalia tu, nyani haoni kundule. Mwisho akasema wiki ijayo mwekezaji anaanza kujenga uzio, hivyo ngitili mwaka huu haitafunguliwa, na wenye ng'ombe wajipange.

Watu wakatazamana. Sasa ndipo waliposikia. Mzee Jilala, ambaye siku zote ndiye anayeanzisha makofi, mikono yake ilikuwa imebaki magotini.

Nikasimama bila kuitwa. "Mwenyekiti, nina hoja. Umesema ardhi ni mali ya umma, nakubali. Umesema kiongozi hutangulia, nakubali pia. Baba yangu mzee Ndalahwa, uliyesema angenionea aibu, alipotaka watu wahame alianza kwa kuchoma nyumba yake. Basi na wewe anza na ya kwako. Ngitili yako ya mtoni itangulie. Ifunguliwe kesho kwa ng'ombe wa kijiji, halafu hiyo nyingine tutazungumza."

"Ile ina hati," Salvatory akajibu haraka. "Ile ni jambo jingine kisheria."

Mama akanishika bega, akajiinua. Alisimama bila fimbo. Sijawahi kumwona mama akisema mkutanoni, na wala sijawahi kumwona akipiga makofi.

"Salvatory," akamwita, bila mwenyekiti wala nini. "Mimi nyumba yangu ilichomwa kwa hilo neno unalolisema. Umma. Mtama wangu uliungua kwa hilo neno, vihenge viwili. Nikaambiwa ninyamaze, ni kwa faida ya wote, nikanyamaza. Haya, hao wote ndio hawa hapa. Faida yenyewe ndiyo ile ngitili. Kama mnaichukua na hiyo, basi nirudishieni mtama wangu."

Akakaa. Kisha mzee Jilala akapiga makofi. Peke yake kwanza, taratibu. Akafuata Masele wa mashine ya kusaga, wakafuata akina mama wa kwaya, halafu uwanja mzima, na vumbi likatimka kwa sababu wengine walikuwa wanapiga na miguu. Salvatory akapunga kifimbo akisema mkutano umefungwa, umefungwa, lakini hakuna aliyemsikia. Nilimwona Goodness ameinama kwenye daftari lake anaandika.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyemwita mwenzake. Nilifungulia ng'ombe wangu tisa, nilipofika njia ya mtoni nikakuta Jilala ana wa kwake, na Masele, na vumbi la wengine nyuma. Nilisalimia mwangaluka, wakaitika mwangaluka, basi. Lango la ngitili ya Salvatory ni la miti, limefungwa kwa mnyororo. Mnyororo sikuukata, mimi siyo mwizi. Niling'oa mti mmoja, ng'ombe wakajua wenyewe pa kupita. Majani yalikuwa yanafika tumboni mwa ng'ombe, Oktoba hii, wakati sisi tunapigana na mavumbi. Nilipoyaona nililia kwa hasira.

Salvatory alikuja na pikipiki, safari hii hana Kaunda suti, ana singlendi na bukta. Kifimbo hana. "Tokeni," alipiga kelele. "Hii ni yangu. Yangu. Mnaniibia mali yangu."

Miaka yote ya mikutano, umma huku, umma kule, neno hilo la "yangu" sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Kumbe lilikuwepo, tena linatoka vizuri tu. Jilala akamwuliza kwa upole, "Mwenyekiti, ni yako, au unaishika kwa niaba?"  Salvatory alimpiga mateke ng'ombe wangu mmoja, yule mweusi wa pembe moja, na yule ng'ombe hata hakuacha kula.

Ng'ombe walikula mtoni siku ishirini na tatu, mpaka mvua ya kwanza. Wangu wote tisa wapo. Mwekezaji aliposikia eneo lina mgogoro akasimamisha uzio, ingawa vigingi vyake vyekundu havijang'olewa. Na mimi nikapelekwa baraza la kata kwa kuvunja lango na kuingiza mifugo kwenye eneo lenye hati.

Jumanne iliyopita tulisikilizwa. Mwenyekiti wa baraza, mzee Januarius, aliniuliza nani aling'oa mti. Nikasema mimi, andikeni Kabula binti Ndalahwa. Akauliza kwa ruhusa ya nani. Nikasema kwa ruhusa ya mkutano mkuu wa kijiji, mwiteni mtendaji.

Goodness akaja na faili. Salvatory alikuwa anamtazama kwa jicho ambalo hata mimi ningeliogopa. Akasoma. Tarehe kumi na nne Oktoba, mkutano mkuu umeridhia kwa makofi kwamba ngitili ya mtoni ya mwenyekiti ifunguliwe kwa ng'ombe wa kijiji siku inayofuata.

"Uongo," Salvatory akasema. "Mimi nilifunga mkutano."

"Makofi yalitangulia, mwenyekiti," Goodness akasema, akiangalia karatasi yake. "Mimi naandika kilichopita. Na orodha hii hapa." Akaweka karatasi ya mahudhurio mezani.

Mzee Januarius akavaa miwani. "Namba moja," akasoma, "Salvatory, mwenyekiti wa kijiji. Hii siyo saini yako?"

"Ni yangu." Alikuwa amesimama sasa. "Lakini mzee, hayo ni mahudhurio tu. Nilisaini kwamba nimefika. Sikusaini kwamba nimekubali."

 Nyuma yangu nilisikia mtu anakohoa, nadhani ni Jilala. Sikucheka, na sikupandisha sauti, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi mpaka mzee Januarius akaniruhusu.

"Naomba hayo maneno yake yaandikwe," nikasema, "kama alivyoyasema. Halafu naomba mlete na ule muhtasari wa Septemba."